Mashimo Yamekwisha Rasmi

Idara ya Mitaro na Mwenendo wa Maji ina furaha kuutangazia umma kwamba mashimo yote ya barabarani katika mji huu yamekwisha. Hayakuzibwa. Kuziba ni njia ya kizamani, inachafua mikono na kuchelewesha maendeleo. Yamekwisha kwa waraka, kuanzia siku uliposainiwa, na yeyote anayeendelea kuona shimo anashauriwa kwenda kupimwa macho.

Tangazo hilo niliandika mimi. Nalisema bila majivuno, ingawa sehemu ya macho ilimpendeza Mkurugenzi mpaka akairudia kwa sauti mbele ya karani wa masjala. Cheo changu ni Msaidizi wa Mkurugenzi anayeshughulikia Mwonekano wa Mitaro. Watu wasioelewa utumishi huuliza mtaro una mwonekano gani. Ndiyo maana wao wako nje kwenye benchi na mimi niko ndani kwenye kiti kinachozunguka.

Ili umma uelewe ukubwa wa mafanikio haya, sharti nieleze hali ilivyokuwa. Chini ya barabara inayopita mbele ya ofisi yetu kuna mtaro mkubwa uliofunikwa, na hapa na pale kuna chemba, yaani shimo la kuingilia mafundi, lenye mfuniko wa chuma. Mfuniko ulikuwepo zamani. Wajanja waliibeba mifuniko wakaiuza kwa chuma chakavu, na mahali pa mifuniko pakaingia chupa, magunia, matawi, na safari moja godoro zima na foronya yake. Mvua ikinyesha, maji yanakosa njia chini, yanapanda juu, yanalala barabarani. Jua likiwaka shimo unaliona, unalikwepa. Maji yakishalifunika, unalitambua ukiwa ndani yake.

Wananchi, kwa kukosa subira, wakajitungia utaratibu wao. Kila chemba isiyo na mfuniko waliichomekea mti mrefu, na kwenye ncha ya mti wakafunga kitambaa chekundu. Maji yakija, barabara inapotea lakini kitambaa kinabaki juu, na mtu anajua pa kutopita. Haukuombewa kibali utaratibu huo. Uliota tu, kama uyoga.

"Unaona nini?" Mkurugenzi aliniuliza siku moja tukiwa dirishani ghorofani.

"Naona barabara, mkuu."

"Juu ya barabara."

"Naona vitambaa, mkuu."

"Vyekundu. Mji mzima vitambaa vyekundu. Mgeni akija akaona hivi, atadhani nini?"

"Atadhani kuna mashimo, mkuu."

"Na vikiondolewa?"

Sikujibu upesi. Yapo maswali ambayo mkubwa wako akiuliza, anapenda akuone unahangaika kidogo kwanza. Nilikuna kichwa. Nilitazama dari.

"Atadhani hayapo," alisema mwenyewe, na akatabasamu kama mtu aliyevumbua moto.

Idara yetu, naomba ieleweke, ilikuwa haijawahi kuhesabu mashimo. Kuhesabu shimo kunahitaji kuliinamia. Tulikuwa tunahesabu miti yenye vitambaa, kutoka dirishani, kikombe cha chai mkononi. Kwa hiyo miti ilipong'olewa yote, mashimo nayo yakawa hayana hesabu, na kisicho na hesabu hakipo serikalini. Kazi ya kung'oa niliisimamia mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa buti mpya. Miti tuliihifadhi stoo, nyuma ya ofisi.

Ili wakorofi wasiturudishe nyuma, waraka ukaongezwa kipengele: ni marufuku kwa mtu yeyote kuweka au kuondoa kitu chochote chekundu barabarani pasipo kibali cha maandishi kilichosainiwa na Mkurugenzi. Nyekundu ya barabarani ikawa mali ya ofisi. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko pampu yake, aliuliza kama damu ya atakayetumbukia nayo itahitaji kibali. Tulimwandikia onyo.

Sasa, kila mwenye cheo Mungu humpa ndugu wa kumshusha. Mimi nina dada. Ni mkubwa wangu, ni fundi cherehani, na duka lake limepakana na ofisi yetu, pale barabara inapolala chini kabisa. Vile vitambaa vyekundu, kwa aibu yangu kubwa, vilikuwa vipande vya duka lake. Alinisubiri mlangoni, futi ya kupimia shingoni, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu, nani amekutuma kung'oa mti wa mbele ya duka langu?"

"Haukuwa mti, dada. Ilikuwa alama isiyoidhinishwa."

"Na shimo je, limeidhinishwa?"

"Shimo halipo."

"Hebu rudi nyuma kidogo, halafu uniambie tena."

Nilibaki nilipo. Nyuma yangu ndipo lilipokuwa.

"Sikiliza," alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Mama anapita hapa kila siku. Macho yake unayajua. Mtoto wa jicho amemjaa, uso wangu hauoni, na wako hauoni pia, ingawa kwa hilo ana bahati. Kilichobaki ni rangi kali. Anavuka akielekea kile chekundu, akikifikia anakiacha mkono wa kushoto, anaingia dukani. Sasa mvua ikija afuate nini?"

"Mshike mkono umvushe."

"Mama yupi? Huyu wetu? Juzi nimemshika mkono akaniuliza kama nimeona jeneza."

Ni kweli. Mama yetu hashikwi mkono. Anaishi na dada nyumba iliyo ng'ambo, na kila alasiri anakuja dukani kushona vifungo, kwa kupapasa, bila kukosea tundu. Akizuiwa nyumbani anasema bado hajafa, na anavyosema unaona haya kubisha.

"Waraka unashauri wananchi wasubiri ndani mpaka maji yapatiwe ushauri wa kitaalamu," nilisema.

"Maji yapatiwe ushauri?"

"Ndivyo ulivyoandikwa."

"Umeuandika wewe."

"Niliandika kwa niaba."

Alicheka bila furaha. "Basi leteni makoleo mzoe lile tope. Mtaro ukiwa wazi maji hayapandi, na yasipopanda sina haja ya kitambaa."

Nilimweleza, kwa upole unaomstahili raia, kwamba kuzoa tope ni kukiri kwamba tope lilikuwepo, na Idara ikionekana na koleo, umma utauliza koleo hilo lilikuwa wapi miaka yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia mama alikuwa akinisifu kwa majirani kwamba mwanawe ni mtu wa mitaro, na kwamba yeye dada hakuwahi kumkatisha. Niliondoka nimekasirika sana. Hakuna kinachouma kama ndugu aliyesema kweli kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi baiskeli.

Idara iliamua kuwa na Sherehe ya Kuaga Mashimo. Mkurugenzi alitaka vazi. Kwa kuwa nyekundu ilikuwa mali ya ofisi, na ofisi ni yeye, akaagiza koti jekundu la kufika magotini, lenye mabega mapana na vifungo vya dhahabu. Kazi akapewa fundi wa karibu, yaani dada. Alimpima kimya kimya. Alipofika tumboni alivuta pumzi kwa niaba yake.

"Kwapani nimekushonea mara mbili, mkuu," alimwambia siku ya kulichukua. "Nimeona mkihutubia mnarusha mikono."

Mkurugenzi alirusha mikono kujaribu. Koti halikulia. Alifurahi mpaka akaahidi kumkumbuka kwenye hotuba.

Siku ya sherehe jukwaa lilijengwa ubavuni mwa barabara, mbele ya ofisi. Turubai lilihitaji nguzo, na stoo tulikuwa na miti mingi mizuri, mirefu, iliyonyooka. Wananchi waliopewa viti waliitambua mara moja. Kila mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake: ule wa kwetu, ule wa karibu na shule, ule wa sokoni. Niliwaomba wapige makofi badala yake.

Mbingu ilikuwa nyeusi tangu asubuhi. Nilimdokeza Mkurugenzi.

"Mvua imealikwa?" aliuliza.

"Hapana, mkuu."

"Basi haitahudhuria."

Ilihudhuria katikati ya hotuba, wakati anafafanua neno "ukavu". Ilianza kwa matone makubwa, kisha ikamwagika kama imekatiwa kamba. Maji hayakutoka juu tu. Yalichemka kutoka kwenye chemba zile zisizokuwepo, meusi, yakileta viatu na mifuko, na baada ya muda mfupi barabara ilikuwa mto wa kahawia unaofika magotini. Wananchi walipanda juu ya viti. Mkurugenzi aliendelea kusoma, maana ukurasa wa pili ulikuwa unaeleza jinsi maji yasivyokuwa tatizo tena. Dada nilimwona dukani akipandisha vitambaa vya wateja kwenye rafu na cherehani juu ya meza.

Ndipo nikamwona mama.

Alikuwa ng'ambo, ukingoni mwa maji, mwavuli mkononi, kibegi cha vifungo kwapani. Aligeuza uso taratibu huku na huku, kama anavyofanya siku zote, akitafuta. Kisha uso ukatulia. Alikuwa amekiona chekundu chake. Chekundu pekee kilichobaki mji mzima kilikuwa jukwaani, kimesimama karibu yangu, kimeshika kipaza sauti. Mama alikunja gauni kidogo akaingia majini, akielekea koti la Mkurugenzi. Na kati yake na koti hilo, chini ya maji, palikuwa na shimo. Nilijua lilipo kama ninavyojua mlango wa chumba changu, maana mti wake niliung'oa kwa mikono hii.

Niliogopa. Nalisema hivyo hivyo, bila cheo. Nilimnyang'anya Mkurugenzi kipaza sauti.

"Mama, simama! Simama hapo hapo!"

Alisimama. Sauti ya mwanawe anaijua hata ikitoka kwenye spika. Umati wote ukanigeukia, na wapiga picha wakageuka pamoja nao.

"Kwa nini asimame?" Mkurugenzi aliniuliza polepole. "Kuna nini pale?"

Umma ulikuwa unasubiri jibu. Waraka wangu ulikuwa umebandikwa kwenye turubai, wino unachuruzika.

"Hakuna kitu, mkuu," nilisema.

"Hakuna kitu?"

"Hakuna, mkuu. Ila asimame tu."

"Kama hakuna kitu, apite. Tena nitamvusha mimi mwenyewe." Aliwageukia wapiga picha akajiweka sawa kola. "Mjiandae. Mkurugenzi anamvusha mama mzee barabara isiyo na shimo."

Dada alikuwa ametokeza mlangoni na ufagio. "Mkuu, shika mti upapase mbele kabla ya kukanyaga! Na usipite katikati!"

"Mti ni alama isiyoidhinishwa," alijibu, na akashuka majini.

Alipofika chini alinitazama mara moja. Naamini alitaka nimwonyeshe njia. Lakini kumwambia Mkurugenzi kwamba kuna shimo ambalo yeye mwenyewe amesaini kwamba halipo ni utovu wa nidhamu, na mimi ni mtu wa nidhamu. Nilimpigia saluti.

Alikwenda vizuri. Alikwenda kwa madaha, mkono mmoja ukipungia umati, koti likielea nyuma yake. Halafu akapungua. Sina neno jingine. Alikuwa mtu mzima mwenye vifungo vya dhahabu, mara akawa kichwa, mabega na mikono, basi.

Hapa umma utambue jambo muhimu la kitaalamu. Mtaro ule ungekuwa umezolewa, kama wakorofi walivyodai, maji yangembeba chini ya barabara mpaka mtoni na tungekuwa tunaongea mengine. Tope la Idara ndilo lililomdaka. Lilimkaza kiunoni, likamshikilia imara kama mzigo wa amana. Nimelieleza hilo kwenye taarifa yangu chini ya kichwa cha Faida za Mashapo.

"Nitoeni!" alisema Mkurugenzi.

Fundi baiskeli na wenzake walikwisha kufika karibu, wakipapasa njia kwa miti waliyoichomoa kwenye turubai letu. Walisimama kwa adabu kumzunguka.

"Mkuu, tungependa," alisema fundi baiskeli. "Ila wewe ni kitu chekundu na uko barabarani. Kukuondoa kunahitaji kibali."

"Natoa kibali!"

"Cha maandishi, mkuu."

"Nitaandikaje huku?"

"Ndiyo hivyo, tunakusikitikia. Mimi nina onyo tayari, siwezi kuongeza la pili."

Wakati huo mama alikuwa amechoka kusimama. Aligeuza uso tena akitafuta, na safari hii akakiona chekundu mahali pake hasa, mahali kilipokuwa siku zote. Niliona mabega yake yakishuka kwa faraja. Akaja moja kwa moja, bila wasiwasi wowote, mpaka alipomfikia Mkurugenzi. Akanyoosha mkono akapapasa bega.

"Afadhali wamekirudisha," alisema. "Tena kitambaa kizito. Hiki hakipauki."

"Mama, nisaidie," alisema Mkurugenzi.

Mama alishtuka kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Na spika wameweka. Haya, maendeleo."

Akamwacha mkono wa kushoto, kama kawaida, akaingia dukani. Dada alimpokea kibegi. Mimi nilikaa chini jukwaani palepale, penye maji, na nikalia kidogo. Kwenye taarifa nimeandika kwamba ilikuwa mvua.

Aliyemaliza mjadala wa kibali ni dada. Alitoka na kamba ya kuanikia nguo, akaipitisha kwapani mwa Mkurugenzi, akawaambia wanaume wale waache upuuzi wavute, maana hata mjinga hazamishwi. Walivuta. Tope lilikataa, likabishana, mwisho likamwachia kwa mlio ambao wapiga picha wameurekodi. Mshono wa kwapani haukuachia hata uzi. Wakamkalisha kwenye ngazi ya duka, akitetemeka, kiatu kimoja kimebaki chini kuwakilisha ofisi.

Mama, kifungo mkononi, aligeuza uso kuelekea barabarani. Akatafuta, akatafuta tena.

"Nani amekitoa?" aliuliza.

Fundi baiskeli aliendelea kukunja kamba.

"Nauliza nani amekitoa kile chekundu. Si kilikuwa hapo sasa hivi? Mnataka watu wafe?"

Mkurugenzi alimtazama mama. Kisha akatazama maji, mahali alipotoka. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuliona shimo, na hata hivyo halikuonekana, ni maji tu. Alifungua vifungo vya dhahabu kimoja kimoja, akamkabidhi dada koti. Fundi baiskeli alichagua mti mrefu kuliko yote, dada akauvika koti na kulifunga vizuri kwenye kola, na wakauchomeka kwenye chemba.

Idara inapenda kuujulisha umma kwamba shimo moja limerejea kwa muda, na kwamba jitihada za kulifikiria zinaendelea. Mashimo mengine yalirejea usiku uleule bila kuomba, kila moja na mti wake, na Jumamosi iliyofuata wakazi walionekana na makoleo wakizoa mtaro, jambo ambalo Idara inaliongoza kutoka dirishani. Mfuniko bado haujapatikana.

Koti lipo. Limesimama mbele ya duka, mabega mapana, na upepo ukivuma linarusha mikono. Watu wa mtaa wanalipenda. Wakipita asubuhi wanalisalimia, "Shikamoo, mkuu," na wanapita salama kulia kwake. Mama hulipapasa begani. Mimi nikifika hapo hujikuta nimesimama wima kwanza, ni mazoea ya kazi.

Juzi Mkurugenzi alipita kwa miguu kwenda ofisini, amevaa shati tupu. Kulikuwa na watu wengi njiani, na wote walisimama wakaamkia kwa heshima. Naye akainua mkono kuitikia, kabla hajagundua kwamba wanalisalimia koti.